Kuchagua fenicha za nyumba ya mfano: mwongozo kamili kwa mwenye nyumba za kuuza

Hapa Dar watu wanaojenga nyumba za kuuza wanakwama sehemu ileile kila siku. Nyumba imeisha, tailizi zinang'aa, jipsamu imekaa vizuri, alafu mtu anaenda dukani anabeba seti ya sofa ya 3-2-1-1 (kochi la watatu, la wawili na viti viwili vya mtu mmoja) kisa muuzaji kampunguzia bei, anaishindilia sebuleni, wateja wakija wanazunguka dakika tano wanasema "tutawasiliana" na ndo imetoka hiyo. Baadae anaanza kuuliza ashushe bei kiasi gani. Mara nyingi bei wala haina shida, shida ni kwamba mteja hakuiona nyumba, aliona makochi.

Fenicha kwenye nyumba ya mfano, yaani ile unayoipanga ili wateja waje kuiona, ina kazi ya kujibu maswali ya mnunuzi. Kitanda cha sita kwa sita kinaingia humu? Friji inakaa wapi? Wageni wa Iddi au Krismasi watakaa wapi, na mtungi wa gesi je? Kitu kisichojibu swali lolote kiache dukani hata kama ni kizuri namna gani.

Nitatumia mfano wa nyumba ya vyumba vitatu, ile ramani unayoikuta sana Goba, Madale na Kigamboni: sebule ya mita 3.6 kwa 4.5, dainingi pembeni yake, masta ya 3.6 kwa 3.6, na vyumba viwili vya 3 kwa 3. Ya kwako ikiwa tofauti badilisha namba tu, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda dukani

- Futi kamba ya mita 5 au zaidi, ya chuma, sio ile ya fundi cherehani
- Maskin tepu roli mbili na magazeti ya zamani
- Daftari na penseli, na ramani ya nyumba kama unayo
- Pima maji, dirili na ngazi, kwa ajili ya pazia na picha
- Vibandiko laini vya kuweka chini ya miguu ya fenicha, tailizi zisichubuke
- Balbu za LED, za kila chumba ziwe rangi moja
- Hela uliyoitenga, imeandikwa kwenye karatasi na imegawanywa

Hapo kwenye hela, mimi huwa naweka nusu kwa sebule na dainingi, robo kwa masta, robo inayobaki ndo vyumba vingine, jiko, pazia na taa. Watu wengi wanafanya kinyume, wanamaliza hela kwenye mapambo mapambo alafu kochi linanunuliwa la kuokoteza.

## Hatua ya 1: Jua unamuuzia nani

Usiruke hii. Nyumba ya vyumba vitatu Madale mara nyingi inanunuliwa na familia yenye watoto, apatimenti ndogo ya Masaki inaweza kuchukuliwa na mtu anaetaka kuipangisha, na kuna mnunuzi yuko Muscat au London anaangalia kwa video ya WhatsApp huku shemeji yake kashika simu. Hawa hawaangalii kitu kimoja.

Ongea na dalali wako, muulize wateja waliokuja wiki zilizopita waliuliza nini. Yaandike maswali yao matano yaliyojirudia sana. Hiyo ndo orodha yako ya manunuzi, ulikuwa hujui tu. Kama wengi wameuliza chumba cha dada wa kazi basi kile kichumba cha nyuma usikifanye stoo ya ndoo za rangi, weka kitanda na kabati dogo.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja ni nani ataishi humo. "Mtu yeyote mwenye hela" sio jibu.

## Hatua ya 2: Pima, alafu pima njia ya kuingilia

Pima vyumba baada ya tailizi kuwekwa na skating (ule ukanda wa chini ya ukuta) kupigwa, sio kwenye ramani, manake plasta na skating zinakula sentimita na ramani haizijui. Andika urefu na upana wa kila chumba, madirisha yanaanzia kimo gani, soketi ziko wapi, AC iko ukuta gani, na kila mlango unafungukia upande upi.

Alafu pima njia. Mlango wenye fremu ya sentimita 90 ukishafunguliwa unabaki na upenyo kama wa 80 hivi, na makochi mengi yana kina cha 90. Linaweza kupita kwa kulaza na kuzungusha, lakini kama mbele kuna kona ya korido au ngazi ya kupanda juu halipiti, na utakuta vijana wa kubeba wamesimama nje wanakuuliza bosi tufanyeje. Kochi la miguu ya kufungua linasaidia sana hapo, na kitanda hakikisha kinakuja vipande.

## Hatua ya 3: Panga kwa magazeti kwanza

Hii hatua haina gharama na ndo inayookoa hela kuliko zote, ila watu wanaona aibu kutambaa chini na magazeti. Tandika magazeti sakafuni kwa saizi ya kila fenicha unayoifikiria, yazungushie maskin tepu, alafu tembea.

Nafasi za kuziheshimu:

- Njia kuu ya kupita: sentimita 90, ikibana sana 75
- Kati ya kochi na meza ya kahawa: 40 mpaka 45
- Nyuma ya kiti cha dainingi mpaka ukutani: 90, mtu avute kiti na mwingine apite
- Kila mlaji mezani: upana wa 60
- Pembeni ya kitanda: 60 kila upande

Sasa twende kwenye ile sebule ya 3.6 kwa 4.5. Kochi la watu watatu kina 90, nafasi 45, meza ya kahawa upana 60, njia 90, stendi ya TV kina 40. Jumla 325. Ukuta mpaka ukuta ni 360, umebakiwa na 35 za kupumua. Safi kabisa.

Jaribu sasa ile seti ya 3-2-1-1. Kochi la watatu limeegemea ukuta, limekula 90. La wawili lina urefu wa 160 na linakaa ubavuni, hapo ushafika 250. Zinabaki 110, toa stendi ya TV 40, njia yako ni 70, na kwenye nyumba nyingi za ramani hii mlango wa kutokea barazani uko upande huohuo. Bado vile viti viwili vya mtu mmoja hujaviweka! Ndo maana mteja anaingia anasema sebule ndogo, wakati sebule haijabadilika hata nchi moja.

Kwahiyo kwa sebule hii: kochi moja la watatu, viti viwili vyepesi vyenye miguu inayoonekana, basi. Watu watano wamekaa na sakafu inaonekana. Jicho linapima ukubwa wa chumba kwa sakafu linayoiona, ndo maana fenicha yenye miguu inafungua chumba kuliko ile iliyokaa chini kama boksi.

Umefanikiwa kama mtu mwenye sinia mkononi anatoka jikoni mpaka sebuleni bila kugeuka upande, na mlango wowote unafunguka mpaka mwisho.

## Hatua ya 4: Chagua vile vikubwa vitatu

Kochi, meza ya dainingi, kitanda cha masta. Hivi vikikaa sawa vingine vinajipanga vyenyewe.

### Kochi

Una njia mbili, dukani zile za kutoka nje, au kwa mafundi, na kwa Dar ukisema mafundi watu wanajua Keko. Mimi napendelea Keko kwa nyumba ya mfano, sababu unaagiza kwa saizi ya magazeti yako, sio unabana chumba kifuate kochi. Ila uende mwenyewe na uende kabla kochi halijavalishwa kitambaa, kikishavalishwa huoni kitu tena.

Angalia mbao za fremu. Ikiwa ni paini, na nyingi inatoka Sao Hill kule Mufindi, haina ubaya mradi imekauka na imepigwa dawa. Mbao mbichi ukiiweka kwenye chumba cha AC inakauka ikiwa tayari ni kochi, viungo vinaachia, linaanza kulia kila mtu akikaa. Mbao ya fenicha ya ndani iwe na unyevu kama asilimia 12 au pungufu, na kama fundi hana kipima unyevu, nyanyua kipande: mbichi ni nzito, ina ubaridi ukiigusa na harufu bado kali. Angalia pia vitundu vidogo vidogo na unga laini chini yake. Ukiuona huo unga ondoka, kuna mdudu ndani anakula, na anaweza kuhamia kwenye milango yako.

Jaribio la haraka kwa kochi lililokwisha kamilika: nyanyua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15. Mguu wa mbele wa upande wa pili ukichelewa kuinuka, fremu inapinda. Alafu kaa, kaa kabisa na uzito wako wote, sponji ikikushusha mpaka ukagusa mbao hilo halitamaliza mwezi, na wateja watakaa tu hata ukiweka kibao cha kuwakataza.

Kitambaa: chagua kisicho na mng'ao, rangi tulivu kama kijivu kinachoelekea kahawia, bichi (rangi ya mchanga) au kijani kilichofifia. Veleveti inapendeza kwenye picha lakini kila mkono ukipita inaacha alama. Ngozi ya bandia (leza) kwa joto la Dar bila AC inagandia mapaja, mteja atasimama mapema.

### Dainingi

Meza ya watu sita inataka urefu wa mita 1.6 mpaka 1.8. Nafasi ikikataa weka ya wanne, tena ya duara, kona zake hazigongi mtu. Watu wanaogopa meza ya wanne wakidhani mnunuzi ataona nyumba ni ya maskini, lakini meza ya sita ambayo viti vyake havivutiki inasema vibaya zaidi.

Hapa ndo pa kutumia mbao nzuri ikionekana. Mninga una ule wekundu wa kahawia na mtiki una rangi ya asali, mtu akipita anapapasa bila kujua. Meza moja ya mbao halisi inabeba fenicha nyingine za MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) zilizomo humo ndani. Ila usichanganye mninga, mtiki na ile rangi ya "mahogani" ya kupaka kwenye chumba kimoja, rangi mbili za mbao zinatosha.

### Kitanda

Kwa masta ya 3.6 kwa 3.6, weka sita kwa sita. Godoro ni sentimita 183, na fremu inafika kama mita 2. Zinabaki 160, yaani 80 kila upande, kimeza cha 45 kinaingia kila upande na bado unapita. Mbele ya kitanda zinabaki kama 160, kabati la kina cha 60 likikaa ukuta ule umebaki na mita nzima.

Onyo, na hili nalisema kwa ukali kidogo: usiweke kitanda kidogo ili chumba kionekane kikubwa. Kuna wajanja wanachongesha vitanda vifupi, viti vyembamba, wanang'oa mpaka milango. Mnunuzi wa siku hizi anakuja na futi kamba yake au anakuja na mama yake, na mama akishagundua kitanda ni cha uongo ataanza kukagua na nondo za lenta. Kitanda cha tano kwa sita kwenye chumba kinachotosha tano kwa sita tu ni sawa kabisa, ita jina lake.

Godoro liwe la kweli, nchi 8 kwenda juu. Maboksi yaliyofunikwa shuka yanajulikana mtu akikaa tu.

## Hatua ya 5: Vyumba vingine, haraka haraka

Chumba cha watoto: vitanda viwili vya tatu na nusu kwa sita vinachukua mita 2.14 ya upana, ukiongeza njia ya 60 katikati ni 2.74, kwenye chumba cha mita 3 vinaenea. Hapo umejibu swali la "watoto wawili wanalala humu?" bila kufungua mdomo. Dabo deka inajibu pia lakini inaziba dirisha.

Chumba cha tatu weka kitanda cha nne kwa sita na meza ndogo ya kazi karibu na soketi. Wanaofanya kazi nyumbani ni wengi sasa hivi.

Jikoni usijaze vyombo. Kinachotakiwa ni jiko lenyewe, friji au alama wazi ya friji inapokaa ikiwa na soketi yake, na mahali pa mtungi. Mtungi ukikaa nje na bomba limepita ukutani, muonyeshe mteja kwa makusudi, hicho kitu kinauza.

Baraza wanaisahau wote. Viti viwili na mkeka wa ukili, imetosha. Huku kwetu baraza ndo sebule ya jioni.

## Hatua ya 6: Zulia, pazia, taa

Zulia dogo katikati ya sebule ndo kosa ninaloliona kuliko yote. Zulia liwe kubwa kiasi kwamba miguu ya mbele ya makochi yote inalikanyaga. Likishindikana bora tailizi tupu.

Bomba la pazia lifunge juu ya fremu ya dirisha kwa sentimita 15 au zaidi, karibu na dari kabisa ikiwezekana, na lizidi dirisha 20 kila upande. Pazia likifunguliwa linakaa ukutani, dirisha lote linabaki wazi, dari inaonekana imepanda. Pazia liguse sakafu. Lile linaloishia katikati ya ukuta ni kama suruali fupi, lina mwenyewe wake. Ndani weka shia nyeupe (pazia jepesi linalopitisha mwanga), hasa upande wa magharibi, jua la saa kumi linapausha kitambaa cha kochi haraka sana.

Balbu za kila chumba ziwe rangi moja, mwanga wa njano laini wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 kwa sebule na vyumba, jikoni unaweza kupanda mpaka 4000. Zile nyeupe za bluu bluu za 6500 zinafanya ngozi ya mtu ionekane mgonjwa, na sebule inageuka zahanati. Taa ya juu ya meza ya dainingi ining'inie sentimita 75 mpaka 90 kutoka usawa wa meza.

Kama uko karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi, kimbia fenicha za miguu ya chuma cha bei rahisi. Chumvi inaingia hata madirisha yakifungwa, kila dada akipiga deki maji yanatuama chini ya mguu, na baada ya muda ukisogeza kiti unakuta duara la kutu jekundu limezama kwenye tailizi nyeupe. Kulitoa hilo ni kazi, unaweza kujikuta unabadilisha tailizi. Chukua miguu ya mbao au ya alminiamu.

## Hatua ya 7: Vitu vidogo, na ujue pa kuacha

Mito minne kwenye kochi inatosha. Mmea mmoja wa kweli mkubwa unashinda maua kumi ya plastiki yenye vumbi. Kioo kikubwa weka kiangaliane na dirisha, kisiangaliane na mlango wa choo.

Usiweke picha za familia, za viongozi, za timu, wala maandiko ya dini yoyote ukutani. Leo anakuja Mzee wa kanisa, kesho Alhaji, na kila mmoja anatakiwa ajione yeye humo. Simba na Yanga ndo kabisa usithubutu.

Ukimaliza kupanga toa vitu vitatu. Huwa hakuna anaegundua vilivyotoka.

## Hatua ya 8: Kuingiza na kujaribu

Mpangilio wa kuingiza: bomba za pazia kwanza wakati chumba kitupu, alafu zulia, alafu vikubwa, alafu vidogo, mwisho shuka na mito. Fanya yote hayo wiki moja kabla ya mteja wa kwanza, manake vanishi mpya na gundi ya MDF vina harufu inayochoma macho, madirisha yashinde wazi.

Siku ya majaribio mwite mtu ambae hajawahi kufika, sio fundi wala ndugu mwenye huruma. Mwache aingie peke yake we simama nyuma unyamaze. Angalia anasimama wapi, anagonga nini, anakaa wapi. Asipokaa popote kuna kitu kinamwambia hapa ni dukani. Akisimama sana kwenye kona moja anaangalia chini, kuna kitu kimekaa vibaya hapo.

Picha piga saa tatu mpaka saa tano asubuhi, simu usawa wa kifua, pazia wazi, taa zimewashwa. Usitumie ile lenzi ya kuvuta upana mpaka kochi linakuwa na urefu wa daladala, mteja akifika ataona umemdanganya kabla hajasalimia.

Dalili kwamba imekubali ni aina ya maswali. Wakiuliza "kochi litaenea?" bado. Wakianza kuuliza hati iko kwa jina la nani, maji ya DAWASA yanatoka siku ngapi kwa wiki, majirani ni akina nani, hapo fenicha imemaliza kazi yake.

## Hatua ya 9: Andika kila kitu, na amua fenicha zinaenda wapi

Kabla nyumba haijaanza kuonyeshwa tengeneza orodha ya kila kipande, na picha yake, hali yake na bei uliyonunulia. Vijiko na mito vinapotea sana kwenye nyumba za mfano, na hakuna anaejua nani.

Mnunuzi mmoja kati ya watakaokuja atasema "nachukua na vilivyomo". Uwe na jibu siku hiyohiyo: bei ya fenicha iwe pembeni na bei ya nyumba iwe pembeni, usimpe kwa mdomo tu eti ni ofa alafu siku ya makabidhiano unabishana na mke wake kuhusu friji. Kinachobaki na nyumba kiandikwe kwenye mkataba kwa jina, mpaka bomba za pazia na AC, maana hizo kila upande huwa unadhani ni zake. Kama unauza nyumba kadhaa kwenye eneo moja, ile ya mfano iuze mwisho, na mwambie mteja wazi tarehe ambayo fenicha zitatolewa kama hajazinunua. Zikishatolewa rudi na rangi na filla, kila tundu la skrubu ulilotoboa kwa ajili ya picha lizibwe kabla hujamkabidhi funguo.